Mizani Nayo Hupimwa

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo fupi juu ya jambo ambalo wanafunzi wa chama cha kompyuta huniuliza kila juma. Wao huuliza hivi: Chombo cha kujaribia programu kikisema kuna kosa, nasi hatulioni, tufanyeje? Na kikisema hakuna kosa, kumbe kosa limo, tutajuaje? Nimekubali kwa furaha, na kwa aibu kidogo pia, kwa kuwa somo lenyewe nililielewa vizuri siku nilipokosea mimi mwenyewe. Nitalieleza kosa hilo lote, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Wazazi wasiojua kompyuta nawaomba wasiliruke somo hili. Aliyetuonyesha kosa letu alikuwa mzazi, naye hakujua kompyuta hata kidogo. Alijua mizani.

CHOMBO CHA KUJARIBIA NI NINI?

Programu ya kompyuta ni amri nyingi zilizoandikwa kwa utaratibu, na mashine huzifuata moja baada ya moja. Mtu akiisha kuandika amri hizo, hapana budi azijaribu. Aweza kujaribu kwa mkono: anaingiza hesabu, anatazama jibu, anaridhika. Lakini programu hubadilishwa mara kwa mara, na kila ibadilishwapo yafaa ijaribiwe yote tena, kwa sababu rekebisho la mahali pamoja laweza kuharibu mahali pengine. Mtu huchoka, na mtu aliyechoka huruka.

Kwa hiyo wataalamu waliandika programu ambazo kazi yake ni kujaribu programu nyingine. Unakiagiza chombo hicho hivi: "Mpe mwenzako 40 na 50 atafute wastani. Akijibu 45, mwache. Akijibu kingine, piga kelele." Basi chombo chaweza kurudia majaribio mia kama hayo kwa kitambo kidogo, leo na kesho na mwezi ujao, wala kisichoke.

Mwaka 1997 Kent Beck na Erich Gamma, wakiwa safarini kwa ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, waliandika pamoja mwanzo wa chombo kiitwacho JUnit, cha kujaribia programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java. Chombo hicho kilipata ndugu katika lugha nyingine za kompyuta. Ndugu mmojawapo ni unittest, ambacho tangu mwaka 2001 huja ndani ya lugha ya Python, bila malipo na bila kuhitaji intaneti. Hicho ndicho tunachokitumia katika chumba chetu cha kompyuta.

PROGRAMU YETU YA ALAMA

Wanafunzi wa chama chetu waliandika programu ya kutengeneza ripoti za muhula. Kazi yake ni nyepesi kueleza. Kila mwanafunzi ana alama mbili katika kila somo: alama ya katikati ya muhula na alama ya mwisho wa muhula. Programu huzijumlisha, huzigawanya kwa mbili, na ikiwa imebaki nusu, nusu hiyo hupandishwa, maana hiyo ndiyo kanuni ya shule yetu. Kisha hutoa daraja kwa kufuata kipimo kinachotumiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania kwa Kidato cha Nne: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni 0 hadi 29.

Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu aliandika programu, na mwenzake akaandika majaribio. Niliyaendesha majaribio hayo mbele ya darasa. Kioo cha kompyuta kikaandika neno moja kwa herufi kubwa: OK. Wanafunzi wakapiga makofi. Nami nikasema, "Kazi nzuri," tukachapa ripoti za Kidato cha Pili.

Siku nne baada ya shule kufungwa, mzee mmoja alinijia. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee," akaitikia, "Marahaba, Mwalimu," akaketi, akatoa katika mfuko karatasi mbili za mtihani na ripoti ya binti yake.

Akasema, "Mwalimu, katikati ya muhula binti yangu alipata 44 katika Hisabati. Mwisho wa muhula alipata 45. Nimejumlisha kwa kalamu nikapata 89. Nusu yake ni arobaini na nne na nusu. Hapa shuleni nusu huenda wapi?"

Nikajibu, "Hupanda, Mzee wangu."

"Basi ni 45."

"Ni 45, na hiyo ni C."

"Lakini mmeandika 44, na mmeandika D."

Nilitazama ripoti, nikaona ni kweli. Nikamweleza kwamba hesabu zilifanywa na kompyuta, na kwamba programu ile ilijaribiwa na chombo maalum, nacho hakikuona kosa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Mimi nauza nafaka. Mizani yangu ina muhuri wa Wakala wa Vipimo. Hata hivyo, kila asubuhi kabla ya kufungua gunia naweka juu yake jiwe la kilo moja ninalolijua. Siku nikiliweka na mshale usisogee, sitasema jiwe halina uzito. Sasa hiyo mizani yenu ya kompyuta, Mwalimu, nani aliipima?"

Sikuwa na jibu. Aliendelea kusema kwamba binti yake alikuwa akijiandaa kuchagua masomo ya sayansi, na tangu alipoiona ile D alikuwa akisema kwamba hesabu si fungu lake. Hapo nilifahamu kwamba nusu alama si kitu kidogo kwa mwenye nayo. Nikamwomba anipe siku mbili, nikawaita vijana wangu wawili, tukafungua chumba cha kompyuta.

UGONJWA WA KWANZA: MIZANI ISIYOPIMA KITU

Tuliendesha majaribio tena, na neno OK likaja tena. Safari hii nilisoma na mstari ulio juu yake. Uliandikwa kwa Kiingereza, na maana yake ilikuwa hivi: "Majaribio yaliyofanyika ni 0." Chombo kilikuwa hakijajaribu kitu chochote. Kilituambia hakuna kosa kama mlinzi aliyelala usiku kucha, na asubuhi akaripoti kwamba hakuona mwizi.

Sababu yake ni hii. Chombo cha unittest hutambua jaribio kwa jina lake: jina sharti lianze na herufi "test". Kijana wetu aliandika kwa Kiswahili safi, akayaita majaribio yake "pima_wastani" na "pima_daraja". Majina hayo ni mazuri, lakini chombo hakikuyajua, kikayapita. Tangu toleo la Python 3.12 la mwaka 2023, chombo hiki kisipopata jaribio lolote huandika wazi kwamba hakuna lililofanyika. Lakini mashine yetu ilikuwa na toleo la nyuma yake.

Ugonjwa huu una sura nyingine pia. Ukiyapa majaribio mawili jina moja katika kundi lile lile, la pili hulifuta la kwanza kimya kimya. Kadhalika, ukikiachia chombo kitafute mafaili chenyewe, nalo faili la majaribio halikuanza na "test", halitatafutwa. Katika hali zote hizi jaribio limeandikwa, laonekana kwa macho, wala halifanyi kazi.

Dawa yake ni nyepesi. Hesabu majaribio uliyoandika, kisha soma idadi ambayo chombo kinasema kimeyafanya. Idadi zisipolingana, acha kila kitu utafute sababu. Neno OK lisomwe mwisho.

UGONJWA WA PILI: JIWE MOJA TU

Tulibadili majina yakawa "test_wastani" na "test_daraja". Sasa kioo kikasema majaribio yaliyofanyika ni 2, na chini yake: OK. Vijana walifurahi. Lakini tulipoingiza 44 na 45 kwa mkono, programu ikajibu 44 kama kwanza. Basi majaribio yalifanyika kweli, na kosa lilikuwa palepale!

Nilimwuliza kijana, "Ulitumia alama zipi?" Akajibu, "Nilitumia 29 na 30, Mwalimu. Wastani ni 29.5, ukipandishwa ni 30, na daraja ni D badala ya F. Nilichagua mpaka wa kufeli kwa kuwa ndio mkubwa."

Fikira yake ilikuwa njema, lakini bahati haikuwa yake. Programu ilitumia amri ya Python iitwayo round. Katika Python 3, amri hiyo ikikuta nusu kamili haipandishi siku zote. Huipeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, yaani namba igawanyikayo kwa mbili bila baki. Tazama inavyokuwa kwenye mipaka yetu minne:

29.5 huwa 30, nasi twataka 30. Ni sawa.
44.5 huwa 44, nasi twataka 45. Ni kosa.
64.5 huwa 64, nasi twataka 65. Ni kosa.
74.5 huwa 74, nasi twataka 75. Ni kosa.

Mipaka mitatu kati ya minne ilikuwa mibovu, na sisi tuliupima ule mmoja ulio mzima. Amri yenyewe si mbovu. Waliochagua kanuni hiyo walitaka kwamba mtu akikadiria namba nyingi sana, nusu zote zisielekee upande mmoja tu na kuikuza jumla. Ila si kanuni ya shule yetu, nasi hatukuuliza.

Mtaalamu mmoja wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alifundisha zamani kwamba majaribio yaweza kuonyesha kuwa kosa lipo, lakini hayawezi kuthibitisha kuwa kosa halipo. Watu wakubwa kuliko sisi wamelipia somo hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Kabla ya dakika moja kwisha, ilipasuka angani. Sehemu ya programu yake ilikuwa imechukuliwa katika roketi ya zamani, Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Roketi mpya ilikwenda kwa mwendo mwingine, ikazaa namba kubwa isiyoweza kuingia katika nafasi iliyotengwa, ambayo mwisho wake ulikuwa 32,767. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu ile haikujaribiwa kwa mwendo halisi wa roketi mpya. Jiwe walilopimia lilikuwa jiwe la mizani ya zamani.

Basi, jaribu mipaka yote, si mmoja. Jaribu namba ya mpaka wenyewe, iliyo chini yake na iliyo juu yake. Jaribu pia sifuri, jaribu mia, na jaribu mwanafunzi asiyefanya mtihani mmoja.

UGONJWA WA TATU: MASHINE MBILI, MAJIBU MAWILI

Tuliongeza majaribio ya mipaka mitatu iliyobaki. Yote matatu yakapiga kelele, kama ilivyotakiwa. Kijana mmoja, kwa kutaka kuhakikisha, aliyapeleka majaribio yale yale kwenye mashine ya zamani iliyo pembeni mwa chumba. Huko yote yakapita! Akarudi mbio akisema, "Mwalimu, kosa si letu! Mashine hii mpya ndiyo mbovu."

Nakiri kwamba nilishawishika. Ilikuwa jioni, nami nilikuwa nimechoka. Ingekuwa rahisi kuchapa ripoti upya kwa mashine ile ya zamani na kwenda nyumbani. Lakini nilikumbuka yule mzee na jiwe lake. Ukiwa na mizani mbili, nazo zinatofautiana, huchagui ile inayokupendeza. Unatafuta kwa nini zinatofautiana.

Tukauliza kila mashine ina toleo gani la Python. Ile mpya ilikuwa na Python 3, na ile ya zamani Python 2. Katika Python 2 amri ya round huipeleka nusu mbali na sifuri, kwa hiyo 44.5 huwa 45. Kanuni ilibadilishwa katika Python 3, iliyotolewa mwaka 2008, na Python 2 iliachwa kutunzwa tangu tarehe 1 Januari 2020. Mashine zote mbili zilikuwa nzima. Kila moja ilitii sheria ya toleo lake, nasi tulikuwa tumeandika programu pasipo kujua tunatumia sheria ya nani.

Dawa tuliyotumia ni kuiacha amri ya round kabisa. Alama za mitihani yetu ni namba kamili. Basi tunajumlisha alama mbili, tunaongeza moja, kisha tunagawanya kwa mbili na kutupa baki. Jaribu mwenyewe kwa kalamu: 44 na 45 ni 89, ongeza moja, ni 90, gawanya kwa mbili, ni 45. Chukua na 44 na 44: ni 88, ongeza moja, ni 89, gawanya, ni 44, na baki inatupwa. Hesabu hii hutoa jibu moja katika Python 2 na katika Python 3. Tuliendesha majaribio kwenye mashine zote mbili, yakapita yote.

Ndipo tukafanya jambo ambalo sijaliacha tangu siku hiyo. Tulilirudisha lile kosa kwa makusudi, tukaendesha majaribio, tukatazama. Majaribio matatu yakapiga kelele. Tukalitoa kosa, kelele ikanyamaza. Hilo ndilo jiwe la kilo moja. Jaribio ambalo hujaliona likishindwa hata mara moja, bado hujui kama lapima kitu.

UGONJWA WA NNE: JARIBIO KIGEUGEU

Kuna ugonjwa mwingine ambao tulikutana nao baadaye, nao husumbua kuliko yote: jaribio linalopita sasa, na baada ya dakika kumi linashindwa, na programu haikuguswa. Msidhani ni ugonjwa wa shule tu. Mwaka 2016 kampuni ya Google ilieleza kwamba karibu 16 katika kila 100 ya majaribio yake yalikuwa na ugeugeu wa kiasi fulani.

Mfano wetu ni huu. Tulikuwa na jaribio liitwalo "test_andika", lililohifadhi alama katika faili, na lingine liitwalo "test_soma", lililozisoma. Mwisho wa kazi faili lilifutwa. Yote mawili yalipita kila siku. Siku moja kijana alilipa la kwanza jina zuri zaidi, "test_tunza", na papo hapo "test_soma" likaanza kushindwa. Tulistaajabu sana: jina libadilike huku, maumivu yatokee kule! Kumbe unittest huendesha majaribio kwa mfuatano wa alfabeti. Herufi "a" hutangulia "s", kwa hiyo faili lilikuwa tayari limeandikwa kabla ya kusomwa. Lakini "t" hufuata "s", kwa hiyo sasa faili lilitafutwa kabla halijaandikwa. Kosa halikuwa katika jina. Kosa lilikuwa kwamba jaribio moja lilikula chakula kilichopikwa na jingine. Kila jaribio lijipikie: liandae vitu vyake lenyewe, na likimaliza lisafishe.

Sababu nyingine ya ugeugeu ni saa na tarehe. Jaribio linalouliza leo ni tarehe ngapi laweza kupita mwezi huu na kushindwa mwezi ujao. Dawa ni kulipa jaribio tarehe moja isiyobadilika.

Sababu ya tatu ni haraka, nayo huonekana zaidi katika kujaribu kurasa za intaneti. Kwa kazi hiyo wengi hutumia chombo kiitwacho Selenium, kilichoanzishwa na Jason Huggins huko Chicago mwaka 2004. Chombo hicho hufungua kivinjari na kubonyeza vitufe kama mtu. Lakini kompyuta ni nyepesi kuliko mtandao: hutaka kubonyeza kitufe ambacho bado hakijatokea kwenye ukurasa, nayo husema kitufe hakipo. Wengi hukiamuru chombo kilale sekunde tano. Siku mtandao ukiwa mzito, sekunde tano hazitoshi. Siku ukiwa mwepesi, zapotea bure. Dawa ni kukiambia kingoje mpaka kitufe kionekane, kwa muda usiozidi kiasi fulani.

Tena Selenium huhitaji dereva, yaani programu ndogo inayokiunganisha na kivinjari. Kivinjari cha Chrome kikijisasisha chenyewe na dereva akabaki wa zamani, asubuhi majaribio yote hugoma kwa pamoja. Tangu toleo la 4.6 la mwaka 2022 Selenium huweza kumtafuta dereva chenyewe, lakini sharti intaneti iwepo. Kwa hiyo majaribio yote yakishindwa kwa mara moja, usianze kuitilia shaka programu yako. Tazama kwanza chombo, dereva na mtandao.

Juu ya ugeugeu nina onyo moja. Wako watu ambao jaribio likishindwa huliendesha tena na tena mpaka lipite, kisha husema limepona. Wengine hulifuta. Huko ni kuziba kengele kwa matambara kwa sababu inatuamsha usiku. Huenda kweli inalia bure, na huenda nyumba inaungua. Usiizibe kabla hujajua.

UTARATIBU WA KUFUATA

Kwa ajili ya wanafunzi nimeyakusanya yote katika hatua saba. Yafaa zibandikwe ukutani.

1. Soma maneno yote yaliyo kwenye kioo, tangu mstari wa kwanza. Yanakili katika daftari kabla ya kugusa kitu.

2. Hesabu majaribio yaliyofanyika. Je, yalingana na uliyoandika?

3. Andika toleo la lugha, la chombo na la kivinjari, na jina la mashine.

4. Endesha lile jaribio moja peke yake, kisha uyaendeshe yote pamoja. Majibu yakitofautiana, majaribio yanategemeana.

5. Fanya hesabu ile ile kwa kalamu na karatasi. Hapo ndipo utajua nani mwongo: programu, jaribio, au wewe uliyedhani jibu ni fulani.

6. Badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadili vitatu na kosa likaondoka, hujajifunza kitu.

7. Likiisha kuondoka, lirudishe kwa makusudi, uone kama kengele italia. Kisha litoe.

MWISHO WA MAMBO

Tulipitia ripoti zote za Kidato cha Pili kwa kalamu, mmoja akisoma, wawili wakijumlisha. Tulikuta wanafunzi wengine watatu waliopunjwa daraja: mmoja kwenye mpaka wa B, na wawili kwenye mpaka wa A. Mkuu wa Shule alizitia sahihi ripoti mpya, na barua za kuomba radhi zikapelekwa kwa wazazi. Ile ya yule binti niliipeleka mwenyewe sokoni kwa baba yake. Aliisoma, akaikunja, akasema, "Sasa mizani yenu mmeipima." Binti yake yuko Kidato cha Tatu hivi sasa, na anasoma Fizikia.

Vijana wangu wawili waliona haya sana wakati ule. Niliwaambia kwamba haya kubwa ni yangu, kwa kuwa wao waliandika na mimi niliidhinisha bila kusoma mstari mzima. Chombo cha kujaribia ni mtumishi mwaminifu: hufanya lile uliloliagiza, wala halizidishi. Kikisema hakuna kosa, mwulize, "Umetazama wapi?"

MAZOEZI

1. Je, jaribio la alama 75 na 76 lingeligundua kosa la programu yetu ya kwanza katika Python 3? Eleza kwa hesabu.

2. Mwanafunzi ameandika majaribio 12, na kioo chasema yamefanyika 11. Taja sababu mbili zinazoweza kuleta hali hiyo.

3. Jaribio lapita likiwa na wenzake, na lashindwa likiwa peke yake. Utaanza kutafuta wapi?

4. Kwa wasio na kompyuta: chagua kipimo kimoja kilicho nyumbani, kama saa, kibaba au mizani. Eleza utakavyokipima, na kwa kutumia kitu gani unachokijua kwa hakika.

Majibu yaletwe kwangu kabla ya muhula kwisha, nayo yaliyo bora tutayachapa katika gazeti lijalo. Nitayasahihisha kwa kalamu, kisha nitampa mwingine ayapitie, maana mwalimu naye hupimwa.